Maswali Yenu ya Muziki: Rita Reys na Waholanzi Waliovuka Mipaka kwa Jazi

Toleo lililopita tulimtaja Rita Reys kwa mistari mitatu tu: mwimbaji wa jazi kutoka Uholanzi aliyeingia studio New York na kundi la mpiga ngoma Mmarekani Art Blakey. Barua zilizofuata zinadai zaidi, na zina haki. Tumeanza na zile zinazouliza mambo ambayo mtu anaweza kuyafanyia kazi.

SWALI: Ndugu Mhariri, Rita Reys alifikaje Marekani? Alishinda mashindano, au alikuwa na mtu wa kumshika mkono? Na mbona hakuhamia huko moja kwa moja?
*Msomaji wa tangu zamani*

JIBU: Si mashindano yaliyompeleka. Kulikuwa na miaka 13 ya kazi, kisha akapatikana mtu mmoja aliyemsikia wakati mwafaka.

Rita Reys alizaliwa Rotterdam tarehe 21 Desemba 1924, katika nyumba ya muziki: baba mpiga fidla na kiongozi wa okestra, mama mcheza dansi. Mwaka 1943, vita vikiwa bado vinaendelea, alikutana na mpiga ngoma Wessel Ilcken, na huyo ndiye aliyemfungulia masikio kwa jazi. Wakaoana. Baada ya vita aliimba na bendi za dansi, kazi ya kila usiku ambayo haina utukufu mkubwa ila inamfunza mwimbaji kushika mapigo hata akiwa amechoka. Mwaka 1950 yeye na Ilcken waliunda kundi lao la watu sita. Mwaka 1953 walikwenda Stockholm, Uswidi, na huko akarekodi kwa mara ya kwanza. Waliporudi Amsterdam akawa sauti inayojulikana katika klabu ya Sheherazade, na mwaka 1955 alisikika kwenye santuri ya Philips iliyoitwa Jazz Behind the Dikes.

Hapo sasa angalia mnyororo ulivyoungana. Kampuni za rekodi Philips ya Uholanzi na Columbia ya Marekani zilikuwa na mkataba wa kuuziana kazi, kila moja ikisambaza santuri za mwenzake upande wake wa bahari. Kwa hiyo George Avakian, mtayarishaji wa Columbia, alikuwa na sababu ya kibiashara ya kusikiliza vipaji vya Uholanzi. Alimsikia Rita, akamwalika, na mwaka 1956 Rita akawa New York. Aliyemshika mkono alikuwepo, ndiyo, lakini alikuta kitu cha kushika.

Kuhusu kuhamia: kazi yake, bendi yake na wasikilizaji wake walikuwa Ulaya. Ilcken alifariki mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 33. Rita aliendelea na mpiga piano Pim Jacobs, wakaoana mwaka 1960, na kwa zaidi ya miaka 30 watatu wa Jacobs ndio waliokuwa nguzo ya uimbaji wake: Pim kwenye piano, nduguye Ruud kwenye besi, na Wim Overgaauw kwenye gitaa kwa miaka mingi. Kwa maoni yetu uamuzi huo wa kubaki na watu walewale ulimfaa kuliko anwani yoyote ya New York. Aliimba hadi uzeeni, akafariki mwaka 2013.

SWALI: Nimeipata The Cool Voice of Rita Reys. Naisikia nzuri lakini sijui niisikilizeje kama mtu anayejifunza. Nianzie wapi?
*Mwanafunzi wa uimbaji*

JIBU: Umepata darasa zima ndani ya santuri moja, dada. Upande mmoja ulirekodiwa New York na Jazz Messengers, kundi la Blakey, wa wakati ule: Art Blakey kwenye ngoma, Horace Silver kwenye piano, na wenzao kina Hank Mobley na Donald Byrd. Upande wa pili ni kundi la Wessel Ilcken, nyumbani Uholanzi. Mwimbaji ni yuleyule, kinachobadilika ni bendi. Ni nadra sana kupata ulinganisho safi namna hiyo.

Mara ya kwanza usimsikilize Rita hata kidogo. Msikilize mpiga ngoma. Blakey hakai nyuma ya mwimbaji kama mtumishi. Anamsukuma, anatia pigo zito pale ambapo hukulitarajia. Mara ya pili sasa, mfuate Rita, na ujiulize: pigo lile limemtikisa? Mwimbaji asiye imara hukimbilia mbele mara ngoma inapolia, kwa sababu sikio lake linadhani amechelewa. Yeye hakimbii. Neno lake linaanguka kidogo nyuma ya pigo na linabaki hapo.

Kisha sikiliza noti ndefu. Sauti inaanza imenyooka, bila kutetema, na mtetemo unakuja mwishoni tu, wakati noti inakaribia kufungwa. Hapo ndipo lilipo lile neno "cool" la kwenye jalada: utulivu, si ubaridi wa moyo. Jaribu mwenyewe na noti ya mapigo manne. Pigo la 1 hadi la 3 zishike zimenyooka, la 4 uachie itetemeke. Wengi wanashindwa kwa sababu wanabana koo ili sauti inyooke, na noti inashuka chini ya mahali pake. Kunyooka kunatoka kwenye pumzi inayotoka kwa kasi moja. Ukiona shingo inakaza, umeshapotea njia. Anza upya kwa sauti ndogo zaidi.

La mwisho, hesabu umbo. Nyimbo nyingi za namna hii zina vipimo 32 (kipimo ni fungu la mapigo manne), yaani sehemu nne za vipimo 8: wazo la kwanza, wazo lilelile tena, daraja, yaani sehemu yenye wazo tofauti, halafu wazo la kwanza linarudi. Vipimo 8 vya mwanzo Rita anakupa wimbo ulivyo. Uhuru wake unaongezeka baadaye, msikilizaji akishajua nyumba imekaaje. Wanafunzi wengi wanapinda wimbo tangu kipimo cha pili, na msikilizaji hana cha kulinganishia.

SWALI: Mholanzi anaimba Kiingereza na Wamarekani wanamkubali. Mimi nikiimba Kiingereza naambiwa "unasikika kama unasoma tangazo". Siri ni nini?
*Mwimbaji wa bendi ya hoteli*

JIBU: Kila lugha ina mitego yake, ndugu, na kazi ya kwanza ni kuujua wa kwako. Mholanzi hufunga maneno kwa herufi ngumu: "d" ya mwisho inakuwa "t", "v" inakuwa "f". Akiacha mazoea yake yaongoze, "love" inatoka "laf". Hana pia sauti ya "th", kwa hiyo lazima aifundishe midomo. Na "bad" na "bed" kwake zinakaribiana hadi zinakuwa neno moja.

Wewe unayezungumza Kiswahili umetangulia mbele yake mahali fulani. "Th" unayo katika thamani, na ile nyingine unayo katika dhahabu. Mtego wako upo kwenye mwisho wa neno. Kiswahili kinapenda irabu mwishoni, basi "good" inatoka "gudi" na "love" inatoka "lavu", na kila irabu ya ziada inaongeza silabi ambayo mtunzi hakuiandika. Silabi hiyo ndiyo inayovunja mapigo. Kile kinachoitwa lafudhi mara nyingi huwa ni suala la mapigo.

Fanya hivi kwa siku kumi, dakika 15 kila siku, bila kuimba noti hata moja. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60, uchukulie kila mlio kuwa pigo la 2 na la 4. Maana yake wimbo wako unakwenda mapigo 120 kwa dakika, na swingi, yaani mdundo wa jazi, inakaa mahali pake. Yaseme maneno ya wimbo juu ya mlio huo kama mtu anayezungumza na jirani. Irabu iache ikae muda wote wa noti, konsonanti ya mwisho iwe fupi, na iangukie pigo ulilolichagua. Noti ikiwa ya mapigo matatu na neno ni "night", irabu inajaza la 1, la 2 na la 3, na ile "t" inaangukia la 4. Iandike kwenye karatasi kwa penseli. "S" ya mwisho ichelewe kabisa na iwe fupi, maana kwenye maikrofoni inapiga mzomeo.

Na hilo la kusikika kama tangazo: unatia uzito sawa katika kila neno. Kiingereza kinameza maneno madogo na kuinua yale yenye maana. Chora mstari chini ya maneno mawili tu katika kila sentensi, hayo ndiyo uyaegemee.

SWALI: Nikienda kuimba na wapiga vyombo nisiowajua, wananiuliza "ufunguo gani?" nabaki nimeduwaa. Waimbaji wanaosafiri peke yao wanafanyaje?
*Jina limehifadhiwa*

JIBU: Wanasafiri na karatasi. Rita alipoingia studio New York alikutana na watu ambao hawakuwa bendi yake, na mwimbaji yeyote anayevuka mpaka hukutana na jambo hilohilo: majaribio ya saa moja, halafu watazamaji.

Kwanza tafuta ufunguo wako, yaani noti ya msingi ambayo wimbo unajengwa juu yake, kwa kila wimbo. Vitabu vingi vya jazi vimeandikwa kwa vidole vya wapiga vyombo, na wanawake wengi hulazimika kuushusha wimbo kwa noti nne au tano. Chukua noti ya juu kabisa ya wimbo. Tuseme wimbo uko katika C na noti hiyo ni F ya juu, nawe unapendeza hadi C tu. Shusha wimbo wote kwa noti nne (hesabu C, B, A, G): unakuwa katika G, na ile F inakuwa C. Kisha angalia noti ya chini isije ikazama. Usipime ufunguo asubuhi peke yake. Pima jioni, baada ya kuzungumza siku nzima, maana ndiyo sauti utakayokuwa nayo jukwaani.

Pili, andika nakala kwa kila chombo. Piano, besi na gitaa wanasoma G hiyohiyo. Saksafoni ya tena inahitaji karatasi iliyoandikwa katika A, na ya alto katika E. Ukimpa mpiga tena karatasi ya piano, atakuwa chini yenu kwa noti nzima kila anapopuliza, na wimbo mzima utasikika kama watu wawili wanaogombana. Karatasi iwe ukurasa mmoja, vipimo vinne kwa kila mstari, ili mtu akipotea ajue kila mstari wa pili ni mwisho wa sehemu. Juu kushoto andika mwendo kwa namba, yaani mapigo kwa dakika. "Polepole" ni neno la bure kwa mtu asiyekujua. Juu kulia andika ufunguo. Chini andika mwisho unakwendaje. Makundi yasiyozoeana huanguka mwishoni, si katikati.

Tatu, pima urefu. Vipimo 32 ni mapigo 128. Kwa mwendo wa 60, mzunguko mmoja ni dakika 2 na sekunde 8. Ukiimba mzunguko mzima, ukampa mpiga piano mzunguko mzima, ukarudi mwanzo, umeshapita dakika sita, na chumba kimelala. Kwa wimbo wa taratibu, imba wote, mpe piano vipimo 16, halafu ingia kwenye daraja umalizie: dakika 4 na sekunde 16. Kwa mwendo wa 160 mzunguko ni sekunde 48, hapo unaweza kuwa mkarimu.

Jukwaani ni wewe unayehesabu. Kabla ya kufungua mdomo, imba moyoni mstari wa daraja, maana hapo maneno huwa mengi, na mwendo utakaoupata ndio sahihi. Anayehesabu akiwa anafikiria mstari wa kwanza huanza polepole mno, akifika darajani anakosa pumzi. Ukigusa kichwa chako, bendi inajua turudi mwanzo. Ukiinua ngumi, tunafunga.

SWALI: Jina la "Mwanamke wa Kwanza wa Jazi Ulaya" alijipa mwenyewe?
*Msomaji*

JIBU: Hapana. Alipewa mwaka 1960 kwenye tamasha la jazi la Juan-les-Pins, kusini mwa Ufaransa, mwaka ambao tamasha hilo lilianza. Mwaka uliofuata alirekodi Jazz Pictures na watatu wa Jacobs pamoja na mpiga ngoma Mmarekani Kenny Clarke, na yeyote anayelitilia shaka jina hilo aanze na rekodi hiyo.

SWALI: Mbali na Rita Reys, nimsikilize nani?
*Mpenzi wa santuri*

JIBU: Anza na Ann Burton wa Amsterdam. Blue Burton ya mwaka 1967, na Louis van Dyke kwenye piano, ni somo la kuimba taratibu bila kuburuta. Japani walimpenda kwa dhati, akarekodi huko pia. Tunafikiri sababu ni nafasi anayoacha kati ya maneno: msikilizaji ambaye Kiingereza si lugha yake anapata muda wa kukifikia.

Greetje Kauffeld, mzaliwa wa Rotterdam, aliimba na okestra ya redio ya The Skymasters, akaiwakilisha Uholanzi kwenye Eurovision mwaka 1961, kisha akajenga kazi kubwa Ujerumani. Fay Claassen wa kizazi cha baadaye alifuata njia inayofanana, akarekodi Sing! na okestra ya jazi ya redio ya WDR, Köln. Si bahati tu. Ujerumani ina okestra za jazi zinazoendeshwa na redio za umma katika Köln, Hamburg, Stuttgart na Frankfurt, zenye wapiga vyombo wa kudumu na wapangaji wa muziki. Kwa mwimbaji Mholanzi, hizo ni saa chache kwa treni.

Denise Jannah, aliyezaliwa Paramaribo, Suriname, ndiye mwimbaji wa kwanza kutoka Uholanzi kusainiwa na Blue Note, kampuni ya rekodi za jazi ya Marekani, katikati ya miaka ya 1990.

SWALI: Mke wangu ni Mholanzi, anaimba jazi, tunaishi Utrecht. Amepata onyesho moja Köln, na klabu moja ya New York imemwandikia. Nami ndiye ninayeshughulikia makaratasi. Nijihadhari na nini?
*Mume wa mwimbaji*

JIBU: Köln ni rahisi, lakini ina vitu viwili. Kwanza cheti cha A1 kutoka SVB, shirika la hifadhi ya jamii la Uholanzi, kinachoonyesha kwamba michango yake ya hifadhi ya jamii inalipwa Uholanzi. Omba kabla ya safari. Pili ni kodi ya mapato. Mwandaaji wa Ujerumani humkata msanii wa nje asilimia 15, juu yake nyongeza ya mshikamano ya asilimia 5.5 ya kodi hiyo, jumla asilimia 15.825. Kwa euro 1,000 zinakatwa euro 158.25. Malipo yasiyozidi euro 250 kwa onyesho hayakatwi. Mkataba useme wazi kama kiasi kilichoandikwa ni kabla au baada ya kodi. Sentensi hiyo ikikosekana ndipo watu wanapopungukiwa. Na dai hati ya kodi iliyokatwa, maana bila karatasi hiyo utahangaika kuithibitisha kwenye ritani yake ya Uholanzi.

New York ni jambo jingine kabisa. Ruhusa ya kuingia bila viza kwa siku 90, ile ya ESTA, haimruhusu kuimba kwa malipo. Asidanganywe kwamba "onyesho moja halina neno". Anayesimamishwa uwanja wa ndege na mabango ya onyesho kwenye simu yake anarudishwa, na alama inabaki kwenye rekodi yake. Mwimbaji wa jazi kwa kawaida huombewa viza ya O-1B, ile ya wasanii wenye sifa za kipekee. Haombi mwenyewe: mwajiri au wakala aliyeko Marekani ndiye anayewasilisha fomu I-129, akiambatanisha mikataba, ratiba ya maonyesho, ushahidi wa sifa zake, na barua ya maoni kutoka chama cha wanamuziki. Hairuhusiwi kuwasilisha zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kazi, na viza inaweza kufika miaka mitatu. Kwa hiyo usipeleke ombi kwa ajili ya klabu moja tu. Kusanya miadi kadhaa kwanza, na uanze miezi mingi mapema. Maombi hukwama zaidi kwenye ushahidi: makala za magazeti bila tafsiri rasmi ya Kiingereza, au barua za sifa tano zilizoandikwa kwa maneno yaleyale.

Kodi huko ni asilimia 30 ya malipo yote, kabla ya kutoa gharama. Mkataba wa Uholanzi na Marekani unamsamehe msanii ambaye mapato yake ya mwaka huko, pamoja na gharama anazorudishiwa, hayazidi dola 10,000. Hata hivyo klabu mara nyingi hukata kwanza, kwa kuwa haijui jumla ya mwaka wake, na mnadai baadaye kwa fomu 1040-NR. Akiwa na ziara yenye gharama kubwa, mnaweza kuomba makubaliano na mamlaka ya kodi ili ikatwe kwa hesabu ya faida. Ombi lifike angalau siku 45 kabla ya onyesho la kwanza.

Jambo moja zaidi la fedha. Akiimba nyimbo za watu wengine, fungu la mtunzi si lake. Lake ni la mwimbaji wa rekodi, na Uholanzi linakusanywa na Sena. Nyimbo alizotunga mwenyewe zinakwenda Buma/Stemra. Ni milango miwili tofauti, na lazima ajiandikishe katika yote miwili. Tena redio za kawaida za Marekani hazimlipi mwimbaji wa rekodi, ila mtunzi tu. Basi kama ana nyimbo zake mbili tatu nzuri, aziingize kwenye albamu atakayokwenda nayo New York, na ahakikishe zimesajiliwa kabla rekodi haijatoka.